Futi Tano au Futi Nane

Bibi harusi alishafika Tazara, na matarumbeta yake bado yako Buguruni, yamesimama kando ya barabara kama mizigo iliyokosa mwenyewe. Dereva wa pikapu ya kukodi alikuwa amepigiwa simu na mtu mwenye magodoro arobaini ya kupeleka Gongo la Mboto. Akaona magodoro hayabishani bei, akapaki pembeni, akafungua mlango wa nyuma wa bodi na kusema kwa adabu zote, "Jamani, mnishukie hapahapa."

Mwishehe, kiongozi wa kikundi, alimkimbilia dirishani. "Ndugu yangu, tuko katikati ya harusi!"

"Harusi itafika tu, mzee. Mie sijawahi kuona harusi ikarudi."

Wakashuka wanaume wanane kwenye makoti mekundu yenye vifungo vya dhahabu. Wakaanza kukimbia. Mwishehe ana miaka hamsini na tisa, na siku ile alikimbia huku akipuliza, maana alisikia aibu kukimbia kimya. Wauza ndizi walimpigia makofi. Lusungu wa ngoma kubwa alikimbia ngoma ikiwa mgongoni, ikawa kila hatua inajipiga yenyewe, bum, bum, mpaka mbwa wa Vingunguti wakatoka kuangalia nani anahama.

Asiyekimbia alikuwa Mzee Twalib. Huyu ni baba yake Mwajabu, mke wa Mwishehe. Ana miaka sabini na moja, na chombo chake ni besi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini kama chatu na kufungua mdomo juu ya kichwa chake. Alisimamisha bodaboda, akapanda, besi likawameza wote wawili yeye na dereva, wakaondoka. Bibi harusi aliposhuka kwenye gari alipokewa na besi peke yake. Mashangazi wakacheza besi tupu dakika kumi nzima, bila tarumbeta wala matoazi, na walipofika wale saba wanahema kama wametoka kuchimba kisima, hakuna aliyewauliza walikuwa wapi.

Jioni ile Mwishehe alivua koti, akalikung'uta vumbi mlangoni, akatangaza mbele ya nyumba yake yote, yaani mkewe na binti yake Naima: "Gari la watu, basi. Tunanunua letu."

Sanduku la kikundi lilikuwa na akiba ya miaka saba. Mwajabu akaongeza fedha zake za mchezo, zamu yake ilikuwa imefika mwezi ule. Ikatimia milioni kumi na nane. Na kwa kuwa robo nzima ilikuwa yake, akajifunga kanga ya pili na kusema anakwenda kuliona gari hilo kwa macho yake.

Yadi ya magari ilikuwa Mikocheni, nyuma ya kiwanda kimoja cha mifuko. Muuzaji alikuwa kijana wa Moshi aitwaye Brightson, amevaa miwani ya jua kichwani na miwani ya kusomea machoni.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama. Karibuni, hapa hamwondoki kwa miguu."

"Marahaba," alisema Mwajabu. "Tumekuja kwa miguu, tutaona."

Pikapu zilikuwa mbili, zimesimama ubavu kwa ubavu, nyeupe zote, kama ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa na milango minne, viti vya watu watano, na kiyoyozi kinachopuliza mpaka masikio yanasinyaa. Ila bodi yake ya nyuma ilikuwa fupi, futi tano. Ya pili ilikuwa na milango miwili, kiti kimoja kirefu cha watu watatu kilichopasuka katikati, na kiyoyozi chake ni kushusha kioo. Lakini nyuma ilikuwa na bodi ya futi nane, ndefu kama kibaraza cha msikiti.

"Bei?" aliuliza Mwishehe.

"Kumi na nane hii, kumi na nane ile."

Mwajabu akakunja uso. "Inakuwaje bei moja, na hii ina milango mara mbili?"

"Mama, hii ina uso, ile ina mgongo. Kwangu mimi uso na mgongo bei moja. Chagueni."

Mwishehe hakungoja. Alifungua mlango wa mbele wa ile fupi, akakaa, akauvuta mlango. Ulifunga kwa sauti ya chini, ya heshima, kama mtu aliyekohoa kitini benki. Akaweka kiwiko dirishani. Akakiondoa, akakiweka tena vizuri zaidi. Miaka arobaini amekwenda wima kwenye harusi za watu, akila jua na vumbi, akiinamia nyaya za umeme. Na mwezi uliopita, hukuhuku Mikocheni, mlinzi wa nyumba moja ya harusi alikuwa amewatazama juu ya pikapu ya kukodi, na makoti yao na vifungo vyao, akasema, "Mizigo, geti la nyuma."

"Mtu wa milango minne," Mwishehe alimwambia usukani, "haambiwi geti la nyuma."

Mwajabu ni fundi cherehani, ndiye aliyeyashona makoti yote manane. Wakati mumewe anazungumza na usukani, yeye alitoa futi yake ya kushonea mkobani, akapima bodi ile fupi urefu, akapima upana, akaikunja futi na kuirudisha. Brightson, aliyezoea wateja, alijua mwanamke anayepima na kunyamaza ndiye mwenye uamuzi, akageukia kwake.

"Mama, mwisho kesho kutwa, Jumamosi saa sita mchana. Kuna mtu wa kokoto anaitaka ile ndefu, kuna mchungaji anaitaka hii fupi. Mimi nimekaa katikati kama mlingoti."

"Kaa hivyohivyo," alisema Mwajabu. "Tutakuja."

Mtu haachi kula kwa sababu ya gari, lakini usiku ule nyumbani Mwishehe alisahau mkono ndani ya wali.

"Ile fupi inachukua watu sita," alisema Mwajabu. "Nimepima. Sita, tena wasiopumua sana. Nyie mko wanane."

"Sita watapiga nyuma. Wawili watakaa ndani, kwenye kiyoyozi."

"Wawili gani?"

Mwishehe akaanza kutafuta mwiba kwenye samaki ambaye alishamaliza kumtoa miiba. "Mie mmoja. Natoa tarumbeta dirishani."

"Na wa pili?"

"Mama Naima, mtu wa miaka sabini na moja anatakiwa apumzike. Anakaa mbele pale, mgeni wa heshima. Anapunga mkono."

Mwajabu aliweka bakuli la mchuzi chini polepole sana. "Yaani baba'ngu akae ndani, besi likae nje. Atalipuliza kwa simu?"

Naima alicheka mpaka akapaliwa. Ana miaka ishirini na sita, anaendesha gari la kusambaza maji ya chupa, na ndiye aliyekuwa dereva mtarajiwa wa hilo lisilonunuliwa.

"Wenzetu siku hizi wanafunga kispika," alisema Mwishehe. "Besi linatoka kwenye kispika, halichoki, halitaki chai. Halafu hilo refu Naima ataliingizaje huku? Kona ya Bi Tunu halikati. Si ndivyo, mwanangu?"

"Kona ya Bi Tunu hata hilo fupi linaingia likiwa limenuna," alisema Naima. "Refu halikati kabisa. Kile kibaraza chake cha vitumbua kimetokeza barabarani."

"Unaona!"

"Naona," alisema Mwajabu. "Umemwambia?"

"Nani?"

"Baba."

Mzee Twalib ndiye aliyemfundisha Mwishehe kushika tarumbeta, akiwa bado anadhani unapuliza kwa mashavu. Akampa na binti. Kila Idi Mwishehe humpigia magoti kumsalimia, na hajawahi hata kukaa kiti kilichonyanyuka kuliko cha mzee yule. Kumwambia mkwe kama huyo "baba, shuka kwenye gari" si maneno ya mdomo wa kawaida. Mwishehe aliutafuta mdomo huo ndani ya mdomo wake, akaukosa.

"Sitamwambia," alisema mwishowe, na uso wake ukang'aa kwa werevu, jambo ambalo Mwajabu huliogopa kuliko mafuriko. "Kesho mazoezi hapa nje. Nachora bodi kwa chokaa, futi tano kwa tano. Tunasimama ndani, tunapiga. Asiyeenea ataona mwenyewe."

"Utampima baba yangu kwa chokaa kama mpira wa kona?"

"Chokaa haina utovu wa adabu."

Mwajabu alikusanya vyombo. "Chokaa haina, mwenye chokaa anayo."

Ijumaa baada ya swala ya alasiri, mbele ya nyumba ile ya Kiwalani, mchanga ulikuwa na mraba mweupe, umenyooka kuliko nyumba zote za mtaa. Wanaume watano waliosimama ndani yake walibanana kama mkaa kwenye gunia. Lusungu alikuja na koti lake jekundu, ingawa ni mazoezi tu. "Bila koti mkono wangu hauendi, kiongozi," alisema. Wa sita, Anwar wa tarumbeta la pili, alijisokota kati ya ngoma na tromboni akabaki amesimama upande upande kama picha ya ukutani. Mwishehe mwenyewe alisimama nje, usawa wa mahali ambapo pangekuwa na dirisha.

Mzee Twalib akatokea, besi mwilini, kofia yake ya kitambaa imekaa sawasawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Shikamooni na nyie wengine, maana naona mmeshikana kama mmekamatwa. Hii mistari ya nini?"

"Ndo gari, baba."

"Gari halina matairi?"

"Tunajaribu ukubwa tu."

"Aa, sawa." Mzee akasogea mpaka kwenye mstari, akanyanyua mguu juu, kama anayepanda kweli kwenye bodi, akaushikilia hewani. "Sasa si unipe mkono, nipande? Gari refu hili kwa mtu wa umri wangu."

Watu wakacheka. Mwishehe akampa mkono, akampandisha mkwewe kwenye mchanga uliokuwa tambarare. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu na una nguvu, na Mwishehe aliuachia haraka.

Wakapiga.

Kiwalani tarumbeta likilia mlangoni mwa mtu lina maana moja tu, na mtaa mzima ulikuwa unajua Naima hajaolewa. Wimbo wa kwanza haujafika kati, kina mama wakaanza kuchomoza, kanga kiunoni. Wimbo wa pili, vigelegele vilikuwa vinaitikiana mpaka upande wa uwanja wa ndege, na zipo habari, zilizosambazwa na watu waaminifu wa mtaa huo, kwamba ndege moja ilichelewa kutua ili rubani asikilize. Wimbo wa tatu akaja Bi Tunu wa kona, upawa wa vitumbua mkono mmoja, ndoo mkono mwingine, uso umevimba kuliko vitumbua vyenyewe.

"Mwajabu! Toka nje! Naima anaolewa, na mie wa ukuta mmoja nasikia kwa tarumbeta?"

Mwajabu alitoka mbio. "Shoga, haolewi mtu!"

"Haolewi na watu wanapuliza? Tumeuguzana, tumezikiana, leo kwenye pilau mnanificha! Mahari mmekula na nani?"

"Bi Tunu, wallahi ni mazoezi."

"Mazoezi ya kuolewa?"

Naima naye akawa anafika kutoka kazini, simu sikioni na nyingine mkononi inalia. Alipita katikati ya wachezaji mpaka kwa baba yake. "Baba, naolewa na nani? Maana kazini wameshanichangia elfu sitini."

"Warudishie!"

"Nishawaambia asante."

Mwishehe akaifudikiza ndoo ya Bi Tunu, akapanda juu yake. "Jamani! Majirani! Hakuna harusi! Tunanunua gari, hii ni bodi yake! Tunajaribu kama tunaenea!"

Halafu mama mmoja nyuma akapiga kigelegele kirefu. "Basi na liolewe gari!" Umati ukaangua kicheko, ngoma ikaitika, wakaendelea kucheza kwa furaha maradufu, kwa kuwa harusi ya gari haina mchango wala ukumbi.

Ndani ya mraba mambo yalikuwa mengine. Mzee Twalib alikuwa anapiga, lakini kila akiyumba na wimbo, mguu wake wa kushoto unatoka nje ya chokaa. Akiurudisha, mdomo wa besi unamgonga wa tromboni kisogoni. Akisogea kumhurumia wa tromboni, kiwiko cha Lusungu kinamwingia mbavuni. Wimbo ulipokwisha alitazama chini. Mguu wa kushoto wote ulikuwa nje, na kandambili yake imebaki hukohuko. Akautazama mstari, akaufuata kwa macho kona hadi kona, kona zote nne. Halafu akamtazama mkwewe. Mkwewe alikuwa anaangalia mbinguni, kama kuna dalili za mvua.

"Mkwe."

"Naam baba."

"Gari hili futi ngapi?"

"Tano, baba."

"Na jingine lilikuwepo?"

"Lilikuwepo la nane."

"Aa," alisema Mzee Twalib.

Akaanza kuvua besi. Lilichukua muda, maana lilikuwa linamzunguka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akalilaza ndani ya mraba, taratibu, kama anamlaza mtoto aliyesinzia. "Mie hapa nishaanguka barabarani tangu wimbo wa kwanza," alisema akitabasamu, ili asimuumize mtu. "Itakuwa kazi yenu kuniokota. Chezeni, natazama." Akatoka, akakaa kwenye ile ndoo ya Bi Tunu, mikono juu ya mapaja.

Kwa Mwishehe mambo yalikuwa yametimia bila yeye kufungua kinywa. Alijiambia anaona raha. Akaingia mahali pa mzee, akanyanyua tarumbeta. "Moja, mbili!"

Wakapiga saba. Tarumbeta lilipanda juu likapinda vizuri, tromboni likateleza, matoazi yakawaka. Kina mama wakanyanyua mikono, wakapiga hatua moja, mbili, wakasimama. Mmoja akakitazama kiuno chake kama simu iliyokosa mtandao. Mwingine akajaribu kucheza na bega, akaona aibu, akaliacha. Furaha yote ile ilikuwa imebaki na watu wamesimama mikono hewani kama wamezuiwa na polisi.

"Mwishehe!" Bi Tunu akapiga upawa kwenye kiganja. "Mbona chini hamna kitu? Mnapiga wimbo au mnasoma taarifa ya habari?"

"Ni wimbo uleule, Bi Tunu."

"Uleule wapi! Mie kiuno changu hakina masikio, kinasikia kwa nyayo. Ardhi imenyamaza. Mrudisheni babu wa watu!"

"Bodi haituenei wanane. Na ile ndefu haikati kona yako," Mwishehe alijitetea, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. "Kibaraza chako kimetokeza."

Bi Tunu alishusha upawa. "Kibaraza? Kile cha matofali sita nilichopanga mwenyewe? Unamshusha baba mkwe wako kwa ajili ya vitumbua vyangu? Leo hii nakisogeza. Mbona hukuniuliza?"

Mwishehe aligeuka kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa tupu. Mzee Twalib alikuwa ameondoka wakati wa vurugu, bila kuaga hata binti yake, akafuata njia ya kituoni kurudi kwake Buguruni. Pale mchangani miguu ya wachezaji ilikuwa imeshaifuta chokaa, lakini besi lilikuwa palepale lilipowekwa, mdomo wazi.

Mwajabu alikuja akasimama kando ya mumewe. Mwishehe alitegemea kupigiwa kelele, hakupigiwa.

"Sasa nenda ukamwambie," alisema Mwajabu.

Jumamosi saa tatu asubuhi Brightson aliona wateja wake wanaingia na konokono wa shaba wa ukubwa wa sofa. Mwishehe hakutoa salamu ndefu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile pikapu ndefu, akapandisha besi, akaliweka katikati ya bodi. Lilikaa kama mgeni aliyepewa chumba kizima.

"Kwa hiyo mzee umechagua mgongo."

"Nimechagua mgongo."

Naima alikagua injini, akalala chini kukagua mafuta, akatoka na vumbi na kibali. Mwajabu akahesabu fedha mara moja, Brightson mara tatu. Wakati karatasi zinaandikwa, Mwishehe alirudi kwenye ile ya milango minne, akaufungua mlango wa mbele na kuufunga. Hivyohivyo tu, ausikie unavyofunga. Halafu akapanda nyuma, wima, mkono mmoja juu ya kebini, wakaondoka.

Buguruni Naima alipaki mbele ya nyumba ya babu yake. Mwajabu alibaki kitini. "Nenda peke yako," alisema, akapandisha kioo nusu, ili asikie.

Mlango ulikuwa umeegeshwa, redio inaongea ndani. Mwishehe alivua kofia, akakaa chini kabisa kwenye sakafu ya baraza, miguu ameikunja.

"Hodi."

"Nani?"

"Mkwe wako, baba."

"Mkwe wangu yupi? Ninao watatu."

Mwishehe akafikiri. "Yule mpumbavu."

"Karibu," ilisema sauti.

Mzee Twalib alitokea kwa msuli na fulana, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Hakusema "kaa juu." Akamwacha palepale sakafuni, na akachukua muda wake kuzima redio.

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Jambo lilinishinda kulisema, nikaona chokaa ikusemee."

"Ilisema vizuri tu. Ina mdomo kukushinda." Mzee akakuna goti. "Unajua mie nilielewa lini?"

"Ulipouliza futi."

"Nilipopanda. Uliponipa mkono na ukauachia kama kaa la moto. Nikajua. Lakini nikasema, huyu mwanangu, ataniambia. Nikapiga nyimbo tatu nakungoja, Mwishehe. Nyimbo tatu, mguu nje."

Mwishehe aliinamisha kichwa. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima kutoka Mikocheni, yote yakamtoka, likabaki moja. "Nisamehe."

"Ungesema 'baba, shuka', ningeshuka. Ningekutukana kidogo, halafu ningeshuka." Akanyanyuka, akachungulia barabarani. "Ndo lenyewe hilo?"

"Ndo lenyewe. Bodi futi nane."

Mzee Twalib akashuka ngazi. Alilizunguka gari mara moja, akalipima kwa hatua zake, akagonga bodi kwa kidole na kuweka sikio. Mwajabu ndani ya kebini alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Futi nane, watu wanane," alisema mzee. "Kila mtu futi yake."

"Ndivyo, baba."

"Mie nataka mbili."

"Mbili?"

Mzee akageuka. Aliingia ndani, vikasikika vitu vinasukumwa, kikombe kikaanguka, akatoka anakokota kiti cha mninga chenye mikono, kizito, cha kukaliwa na watu wenye kauli. Mwishehe akaruka kumsaidia.

"Miaka hamsini napiga wima," alisema Mzee Twalib, akihema. "Kama ni kustaafu, nastaafu kusimama. Kupiga sistaafu. Pandisha kiti."

Kesho yake Jumapili walikuwa na harusi ya kwanza ya gari lao, kumtoa bibi harusi Kiwalani kumpeleka Temeke. Kona ya Bi Tunu, Naima aliikata kwa mara moja. Matofali sita yalikuwa yamerudi nyuma, na Bi Tunu mwenyewe alikuwa amejialika mbele, kabanana na Mwajabu kwenye kile kiti kilichopasuka, anawapungia watu kama gari ni la baba yake. Nyuma, makoti mekundu yalisimama kwa nafasi, mtu anaweza hata kukunja kiwiko. Na katikati yao, kwenye kiti cha mninga, amekaa Mzee Twalib, besi limemzunguka, linanguruma mpaka maji yanatikisika kwenye ndoo za wauza samaki.

Tatizo lilikuwa moja. Kiti kilikuwa kinateleza. Tuta la kwanza kilikwenda mbele, tuta la pili kikarudi nyuma, la tatu nusura kimpeleke mzee kwa bibi harusi aliyekuwa kwenye gari la nyuma yao. Walijaribu kumfunga kamba, akakataa. Yeye si mbuzi wa Idi. Ikabidi mtu akishike. Lusungu ana ngoma, Anwar na wenzake wana vyao mdomoni, na anayeweza kuachwa bila wimbo kufa, ikaonekana, ni kiongozi.

Kwa hiyo Mwishehe alikwenda harusi nzima amechuchumaa nyuma ya kiti, tarumbeta kwapani, ameukumbatia mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, jua la saa tisa linampiga utosini. Anwar alipiga sehemu za kiongozi, tena vizuri kuliko kiongozi alivyopenda. Pembeni ya barabara kina mama waliacha mizani na vikapu, wakacheza palepale walipo, na muuza machungwa mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti, "Na yule anayeshika kiti ni nani?"

"Atakuwa mtumishi wa mzee."

Mwishehe alisikia. Alishangaa kuona kuwa anacheka, na kicheko kile kilipita kwenye mbao za kiti, kikakutana na mtetemo wa besi unaokuja upande wake, vikamwingia kifuani vyote pamoja. Hajawahi kulisikia besi kwa namna ile. Miaka yote lilikuwa nyuma yake.

Mbele kulikuwa na kona kali. Mzee Twalib akatoa mdomo kwenye besi kidogo, bila kugeuka.

"Mkwe, umeshika?"

"Nimeshika, baba."

"Umeshika kweli?"

"Kweli, baba. Sikuachii."

"Basi gonga kebini hapo, mwambie Naima aongeze mwendo."